Kurudishiwa Ubao

Lori la Bwana Kosta lilikaa Kisoro, mpakani mwa Uganda, siku kumi na moja kwa sababu ya karani mmoja aliyekuwa akiitikia kila kitu. Watu wa forodha walimwuliza hiki, akaitikia. Wakamwuliza kile, akaitikia. Wakampa karatasi, akaitia sahihi kwa mwandiko mzuri wa kulala. Karatasi ilisema lori limebeba ngozi mbichi, na lori lilibeba kahawa. Kabla jambo hilo halijafumbuliwa, mvua ilikwisha kupenya turubai, na kahawa ikafika Kampala ikinuka kama blanketi la mgonjwa.

Karani yule alifukuzwa. Bwana Kosta, Mgiriki mfupi mwenye shingo nene, aliyekuwa amejenga stoo yake karibu na soko la Gisenyi, upande wa Rwanda, tangu kabla ya vita, alimwita mtunza stoo wake.

"Nzeyimana," alisema, "mi najua Kigiriki, Kifaransa, na Kiswahili cha kugombana. Kiingereza sijui. We unajua. Nitafutie karani wa safari anayeweza kusoma karatasi. Sitaki mutu wa yesi-yesi. Mupime kama unavyopima kahawa."

Nzeyimana aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, mwenye sauti ya chini hata wapakiaji walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Kila asubuhi, kabla ya kupima gunia la kwanza, aliweka juu ya mizani chuma cha kilo kumi, akautazama mshale mpaka utulie, ndipo akawaita wakulima waingie. Wakulima kutoka Cyanzarwe, waliosimama nje na mizigo yao, walizoea kumtania: "Muzee, hicho chuma kimekonda leo?" Naye hujibu, "Chuma hakikondi. Mizani ndiyo hudanganya."

Kiingereza chake hakukipata shuleni. Katika ujana wake alikwenda Uganda kulima pamba kama wengine wengi, na huko Masaka akanunua vitabu viwili kwa mpishi aliyekuwa anahama: kitabu cha kusomea cha watoto, na kamusi iliyoanzia herufi D, kwa kuwa kurasa za mbele zilikuwa zimeliwa na mchwa. Vitabu hivyo alivisoma kwa miaka kumi na tisa. Maneno ya A, B na C aliyaokota masikioni tu, moja hapa, moja pale, na hakuyaamini sana. Hakuna mtu aliyewahi kumpima. Kwa hiyo, alipoambiwa apime wenzake, alilichukulia jambo hilo kwa uzito, akakaa siku tano akitunga mtihani.

Aliugawa sehemu nne. Kwa sarufi aliandika sentensi kumi zenye pengo. Kwa msamiati alikusanya vitu vya stoo juu ya meza: kufuli, kamba, mrija wa mafuta, msumari, sindano ya kushonea magunia, na vingine, ili mtu avitaje kimoja kimoja. Matamshi yalimsumbua, maana hata yake mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Mwishowe aliamua kumketisha Abdu dereva nyuma ya rundo la magunia. Abdu alikuwa amengoja kwenye kizuizi cha Kisoro mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Neno atakalolielewa Abdu bila kuona mdomo wa msemaji, mtu wa forodha naye atalielewa.

Sehemu ya nne ilikuwa kusoma. Nzeyimana alichagua kisomo cha kurasa tano katika kitabu chake, kilichoeleza safari ya barua kutoka kijijini hadi ng'ambo ya bahari. Na kwa kuwa hakupenda mtu avamiwe na jambo asilolijua, alimwazima kila mshindani kitabu hicho kwa siku tatu, akamwambia, "Jitayarishe na kisomo hiki. Alhamisi utanisomea."

Washindani walikuwa wawili. Wa kwanza, Hategekimana, alikuwa kijana wa Kanzenze aliyesoma kwa mapadri hadi alipokatiza njiani baba yake alipofariki. Kifaransa chake kilikuwa safi, Kiingereza alikipata katika vitabu vya padri mmoja, na viatu vyake, ijapokuwa vya zamani, viling'aa.

Wa pili alikuwa Muhamadi, mwana wa Faradji, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili, na wala hakuwa mgeni pale stoo. Kwa miaka minane alikuwa utingo wa Abdu. Alipanda juu ya mzigo, akashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu, akapakia na kupakua, na katika kungoja kwingi kwa Kisoro akajifunza Kiingereza kwa karatasi zilizotupwa na kwa kuwauliza makarani wa pale, leo neno moja, kesho jingine. Lakini miezi minne iliyopita gunia la kahawa lilimwangukia katika mteremko wa Kabale, na tangu hapo bega lake la kulia halikuinuka kupita kidevu. Bwana Kosta alikwisha kumwambia bila kificho: utingo asiyeweza kubeba hapandi lori mwezi ujao. Ikiwa hatakuwa karani, basi atabaki kwa mjomba wake, Kadiri mshonaji, akipachika vifungo.

Alhamisi ikafika. Bwana Kosta alivuta kiti akakaa mlangoni na kikombe chake kidogo cha kahawa. Hategekimana alitangulia. Sentensi kumi alizijaza akapata tisa. Kwenye vitu vya meza alisita. Mrija wa mafuta aliutazama kama mtu atazamaye mnyama asiyemjua, na sindano ya magunia aliiita msumari mwembamba. Alipoanza kutamka maneno, sauti ya Abdu ikatoka nyuma ya magunia:

"Mi nasikia harufu ya ubani! Huyu anatoa misa ama anauliza njia?"

"Abdu," Nzeyimana alisema, "umeelewa neno?"

"Nimeelewa. Lakini nimepiga magoti."

Hategekimana mwenyewe alicheka. Kisha alifungua kitabu, akasoma kurasa tano kwa mtiririko, kidole kikifuata mstari kama walivyomfundisha mapadri. Aliteleza mara tatu tu. Bwana Kosta alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Muhamadi akaingia. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia nyeupe, na alimsalimu kila mtu, hata Abdu aliyefichwa. Sentensi alipata saba. Vitu vya mezani alivitaja vyote isipokuwa kimoja, tena haraka, kama anayewaita ndugu zake. Abdu alielewa kila neno, akapiga kelele: "Huyo ni karani wa Kisoro kabisa! Anasemea pua ile ile!"

Ndipo Nzeyimana akampa kitabu.

Muhamadi alikipokea kwa mikono miwili. Alikifungua kwenye kisomo, akakitazama kidogo, kisha akakifunga. Akamrudishia Nzeyimana, tena kwa mikono miwili, akashusha macho, akaanza. Safari ya barua ilitoka kinywani mwake tangu kijijini, ikapita kwa tarishi, ikapanda gari la moshi, ikaingia melini. Ukurasa wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Alikuwa akiyumbayumba polepole, mbele na nyuma. Hakuacha neno hata moja.

Bwana Kosta aliweka kikombe chini. "Anafanya nini huyu?"

"Anasema kwa moyo, Bwana."

"Kasuku mi iko naye mumoja nyumbani," alisema Bwana Kosta. "Ye hadai mushahara."

Nzeyimana alihisi joto la aibu, asijue ni aibu kwa ajili ya nani. Muhamadi alikuwa amefika ukurasa wa nne. Nzeyimana alimgusa mkono, akamsimamisha. Akakifungua kitabu mwanzo kabisa mwa kisomo, akakigeuza kimtazame Muhamadi, akaweka kidole chake kwenye mstari wa kwanza. Hakusema kitu. Alidhani ishara inatosha.

Muhamadi alikitazama kitabu. Uso wake ulibadilika, kama wa mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe. Alijaribu neno la kwanza, akalirudia. Alijaribu la pili. Macho yake yaliruka kutoka mstari huu hadi ule, yakarudi juu, yakashuka tena. Midomo ilicheza bila sauti. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

"Soma tu, ndugu yangu," alisema Nzeyimana.

Hakuweza. Alisema kwa Kiswahili, "Nisameheni," akatoka.

"Bon," alisema Bwana Kosta. "Bila kitabu anasema; na kitabu hasemi. Umeona mwenyewe. Andika."

Nzeyimana aliandika: *Amekariri. Hasomi.* Maneno mawili, na wino ukakauka. Hategekimana aliambiwa ajitayarishe kuondoka na lori Jumanne.

Abdu alitoka nyuma ya magunia akijipangusa vumbi. Hakufanya mzaha. "Muzee," alisema, "mi nimesafiri na Muhamadi miaka munane. Anasoma hata karatasi ya kufungia sabuni."

"Nami nimeona kwa macho yangu," Nzeyimana alijibu.

"Umeona, sawa. Mi nilikuwa nyuma ya magunia. Nimesikia tu."

Siku iliyofuata Nzeyimana alipima kahawa kama kawaida. Jioni, mkewe Mukashyaka alimwekea maharage na viazi, akamwona anakizungusha kijiko tu.

"Chakula kina mchanga?"

"Hapana. Kuna gunia moja jana halikutulia kwenye mizani."

"Si ulipime tena," alisema Mukashyaka, kwa maana yeye alidhani wanazungumza juu ya magunia.

Jumamosi baada ya kazi alikwenda mtaa wa Waswahili. Alikuwa na sababu: koti lake la kaki lilikuwa kwa Kadiri, ligeuzwe kola, upande uliochakaa uende ndani. Lakini sababu hiyo ingeweza kungoja wiki nzima, naye alijua. Alipita juu ya ardhi ile nyeusi ya mawe ya volkano, akaikuta baraza ya Kadiri, na cherehani ikilia.

"Karibu, bwana mpima ndimi," alisema Kadiri bila kuinua macho. "Kaa. Kola yako inakaribia. Au umekuja kuipima kwanza kama inajua Kiingereza?"

Nzeyimana alikaa. Maneno yale yalikuwa na miiba, lakini kiti alipewa, na hilo lilitosha.

Kando ya baraza ile, penye kivuli cha ukuta, kulikuwa na chuo cha Qur'ani. Watoto kama ishirini walikaa juu ya mikeka, kila mmoja na ubao wake ulioandikwa kwa wino wa masizi, kelele zao zimechanganyika kama maji ya mto juu ya mawe. Nzeyimana alikuwa amepita mahali pale mara mia bila kusimama. Leo, kwa kuwa alikuwa amekaa, alitazama.

Msichana wa miaka tisa hivi aliinuka, akaenda mbele ya mwalimu. Alimpa ubao wake kwa mikono miwili. Mwalimu aliugeuza, maandishi yakamwelekea yeye, na mgongo mtupu wa mbao ukamwelekea mtoto. Msichana alishusha macho, akaanza kusoma, akiyumbayumba polepole, mbele na nyuma.

Nzeyimana aliinama mbele kwenye kiti.

Mahali fulani katikati mtoto alikosea. Mwalimu hakumkaripia. Hakusema kitu. Aliugeuza ubao tu, maandishi yakamtazama mtoto, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kelele za chuo kizima zikapungua. Msichana akaupokea ubao wake, akaenda kukaa ukutani pamoja na wale wadogo wa alifu na be, na machozi yakamtiririka bila sauti.

"Amefanya nini?" Nzeyimana aliuliza.

Sasa Kadiri aliisimamisha cherehani. "Amerudishiwa ubao. Hapa kwetu mtu hasemi nimesoma mpaka aweze kuuacha ubao. Kusoma huku unatazama ni kwa anayejifunza bado. Ukirudishiwa ubao, maana yake umeanguka, kaanze upya. Hata watu wazima husema hivyo. Mtu akienda kuposa akakataliwa, twasema fulani karudishiwa ubao." Alikata uzi kwa meno. "Muhamadi alimaliza chuo hiki akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hakuwahi kurudishiwa hata mara moja. Alhamisi ndiyo mara yake ya kwanza."

Nzeyimana alikitazama kidole chake cha shahada, kile alichokiweka kwenye mstari wa kwanza. Kisha akauliza, "Yumo ndani?"

"Yumo. Anapachika vifungo."

Muhamadi alikuwa amekaa juu ya mkeka, kanzu ya mtu mwingine magotini, akishona kwa mkono wa kushoto. Alipomwona mgeni alitaka kusimama. Nzeyimana alimzuia, akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo mzee wa umri wake hakupaswa kulifanya.

"Nataka nikuulize jambo moja," alisema. "Nilipokufungulia kitabu, ulikuwa unafanya nini?"

Muhamadi aliendelea kushona. "Nilikuwa natafuta nilipokosea, mzee."

"Ukapaona?"

"Sijapaona mpaka leo. Nimerudia kisomo chote tangu Alhamisi. Nalala nacho, naamka nacho. Nadhani ni ukurasa wa tatu, pale barua inapofika bandarini. Ndipo?"

"Hukukosea mahali popote," alisema Nzeyimana.

Sindano ilisimama. Nje, cherehani ilikuwa kimya pia. Kadiri alikuwa anasikiliza.

"Nilikufungulia kitabu kwa kuwa kwetu sisi kusoma ni kutazama. Wewe ulikifunga kwa heshima, mimi nikadhani hujui. Nilikifungua nikusaidie, wewe ukadhani umeanguka." Alisema polepole, kama anayeweka chuma juu ya mizani. "Hayo ndiyo niliyoyaelewa leo. Lakini Muhamadi, sikufichi: bado sijui kama unasoma. Kisomo kile ulikuwa nacho siku tatu. Bwana Kosta anataka mtu wa kusoma karatasi asiyoijua."

"Nipe karatasi nisiyoijua," alisema Muhamadi.

Jumatatu asubuhi Nzeyimana alimngoja Bwana Kosta mlangoni mwa stoo. Alimweleza yote, juu ya ubao, na kidole, na msichana. Bwana Kosta alisikiliza huku akikuna shingo.

"Donc, basi, mupimaji ndiye mubovu," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Kila siku naweka chuma kwenye mizani kabla ya kupima. Mtihani wangu sikuuwekea chuma. Nataka nipime upya, wote wawili."

"Na yule wa Kanzenze? Nimemwambia kesho anaondoka."

"Najua. Mimi ndiye niliyeandika."

Bwana Kosta akaingiza mkono katika mfuko wa koti. Abdu alikuwa amerudi jana yake na karatasi kutoka Kisoro, iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, ya mambo ya ngozi. Na ngozi zenyewe zilikuwa zimerundikwa pembeni mwa stoo, tayari kupakiwa. Hakuna mtu Gisenyi aliyekwisha kuisoma. "Bon. Hii hapa. Lakini na wewe usome, Nzeyimana. Wa kwanza. Leo nataka kujua kila mutu ana uzito gani."

Hivyo, katika mwaka wake wa kumi na tisa wa kusoma Kiingereza, Nzeyimana alipimwa. Alisimama mbele ya Bwana Kosta na Abdu, akasoma kwa sauti yake ya chini, mstari kwa mstari. Katikati ya karatasi alifika kwenye neno refu lililoanza kwa C, akasimama.

"Hili silijui. Kamusi yangu inaanzia D."

Abdu alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote hii, muzee! Kumbe Kiingereza chako hakina kichwa!"

"Kina shingo kwenda chini," alisema Nzeyimana, naye akatabasamu, akaendelea hadi mwisho.

Hategekimana aliitwa, kisha Muhamadi, kila mmoja peke yake. Hategekimana alisoma vizuri, sauti yake imejaa, bila kusimama popote. Alipoulizwa karatasi inataka nini, alijibu pale pale: ngozi zitakaguliwa Kisoro, na huko huko mpakani daktari wa mifugo atatoa karatasi ya ruhusa. Neno refu la C alilijua.

"Una hakika?" Nzeyimana aliuliza.

"Nina hakika, mzee."

Muhamadi aliingia bila kofia yake nyeupe, labda aliisahau. Nzeyimana alimpa karatasi ikiwa wazi. Muhamadi aliitazama, na kwa kitambo kidogo mkono wake ulianza kuikunja. Nzeyimana hakusogea. Hakunyoosha kidole. Muhamadi akavuta pumzi, akaikunjua, akasoma.

Alisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Aliweka mguu, akapima, akaweka mwingine. Maneno mengine aliyatamka kwa namna ambayo Nzeyimana hakuwahi kuisikia, na Abdu aliitikia kwa kichwa. Mara mbili alisimama. "Hili silijui," alisema. Na mbele kidogo: "Hili pia silijui." Akaendelea.

"Inataka nini?" Nzeyimana aliuliza.

"Ngozi zikaguliwe na daktari wa mifugo, naye atoe karatasi yenye mhuri. Lakini huku, mzee. Kabla lori halijaondoka. Bila hiyo hazivuki." Aliitazama tena. "Yale maneno mawili sijui yanasemaje. Huenda yanabadilisha. Ningeuliza kwanza kabla ya kutia sahihi."

Bwana Kosta aligeuka taratibu akalitazama rundo la ngozi pembeni, ambalo halikuwa na karatasi ya daktari yeyote.

Nzeyimana aliichukua karatasi, akaenda nayo dirishani. Aliusoma mstari ule mara tatu, akafungua kamusi kwa kila neno ambalo kamusi iliweza kulipata, hata lile alilodhani analijua. Walimngoja. Hakuna aliyewahi kumharakisha Nzeyimana akafanikiwa. Mwishowe alirudi.

"Ni huku," alisema. "Kabla ya kuondoka."

"Na mutu wangu ni nani?" Bwana Kosta aliuliza.

"Hategekimana ana sarufi kuliko sisi wote. Muhamadi anajua anapoishia kujua. Yule karani wa kwanza hakusema silijui hata siku moja." Akamrudishia Bwana Kosta karatasi. "Kwa kazi hii, Bwana, ni Muhamadi."

Hategekimana alipoambiwa, hakupaza sauti. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Nzeyimana alimsindikiza hadi barabara ya Ruhengeri.

"Nilikwisha kumwambia mama," alisema kijana. "Amechinja kuku."

"Nisamehe."

"Mzee, siku ile ya Alhamisi ungetupa karatasi ya forodha, ungejua yote kwa asubuhi moja. Nami nisingemwambia mama."

Nzeyimana alilipima neno hilo, akaliona zito barabara, halikupungua hata ratili. "Ni kweli," alisema. Alisimama akimtazama mpaka viatu vile vinavyong'aa vikapotea kwenye kona ya njia. Aliporudi stoo alitoa daftari, akafuta yale maneno mawili, na chini yake akaandika tarehe, na jina la Hategekimana, ili nafasi ya karani ikipatikana mahali popote mjini, jina hilo liwe la kwanza machoni pake.

Lori liliondoka Alhamisi badala ya Jumanne, maana daktari wa mifugo alichukua siku mbili. Muhamadi alikuwa amekaa mbele, kando ya Abdu, mahali ambapo katika miaka minane hakuwahi kukaa. Abdu alimwambia kwamba karani hashuki kuweka mawe chini ya magurudumu, lakini asijione, kwa kuwa karani ndiye anayenunua ndizi.

Nzeyimana alifika dirishani na kile kitabu cha safari ya barua.

"Chukua," alisema. "Cha njiani."

Muhamadi aligusa kifua chake kwa vidole viwili. "Ninacho tayari, mzee."

"Na ukisahau?"

Muhamadi alikitazama kitabu, akamtazama Nzeyimana. Akanyoosha mikono yote miwili, ule wa kulia ukiinuka mpaka pale bega liliporuhusu, akakipokea.

"Nikisahau," alisema, "nitakifungua."